Milanzi Kumi na Saba

Kalinga wa Nyololo alianza kugema ulanzi kabla hajaota ndevu. Bonde lake lilikuwa nyuma ya nyumba, na humo mlikuwa na mashina kumi na saba ya milanzi, ile mianzi inayotoa pombe, na kila shina alilijua tabia yake. Mvua zikishika, machipukizi yakifika usawa wa kifua, aliyakata vichwa, akafunga mbeta za kukingia maji matamu yanayodondoka, na tangu siku hiyo hakulala nje ya nyumba yake mpaka msimu uishe. Asubuhi anapita, jioni anapita. Kila akipita anapunguza ncha ya chipukizi, kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Ukikata kinene, chipukizi linakwisha mapema. Usipokata kabisa, ncha inakauka na maji yanakoma.

Mwezi wa pili, jioni ya mvua, alikuwa anapanda kutoka bondeni na dumu begani. Akateleza kwenye udongo mwekundu. Dumu likatangulia kushuka, yeye akafuata, na paja likavunjika kwa mlio ambao mke wake Juliana aliusikia akiwa jikoni, akadhani ni mwanzi umepasuka.

Binti yao Bertha ameolewa Uyole. Akapiga simu, "Baba mleteni huku huku Mbeya, nitamhudumia mwenyewe." Ndivyo Kalinga alivyojikuta kwenye wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, mguu umevutwa kwa kamba iliyofungwa uzito, anatazama mlima Loleza ukivaa mawingu na kuyavua.

Daktari wa mifupa alimweleza bila kuzunguka. Paja linataka chuma. Bila chuma mfupa utaunga wenyewe, ila utaunga kombo, na mtu wa kushuka na kupanda mabonde atageuka mtu wa kukaa kibarazani. Daktari huyo hakuwa wa pale, alikuja siku za Alhamisi tu, na zilibaki Alhamisi tatu kabla hajasafiri kwa muda mrefu.

Alhamisi ya kwanza wakampima presha: mia na tisini. Wakamrudisha kitandani. Alhamisi ya pili walishamvika gauni la kijani, wakapima tena: mia na themanini na nane. Akavuliwa gauni.

"Baba, vidonge unameza vizuri, nakuona," alisema Mercy, nesi wa zamu ya asubuhi. "Sasa hiyo presha unaitoa wapi?"

Kalinga akageukia dirishani. Alijua anaitoa wapi. Aliitoa kwa Dastan.

Dastan ni mdogo wake, ndiye aliyeachiwa kisu. Mtu mwema, hana ubaya na mtu, lakini mkono wake ni wa kupasulia kuni. Kila jioni Juliana, aliyefuatana naye na kufikia kwa Bertha, alipoleta chakula, Kalinga aliomba simu kabla ya kijiko.

"Umepita leo?"

"Nimepita, kaka."

"Lile la tatu, la kwenye jiwe, umelikataje?"

"Nimelikata tu, kaka. Kama mengine."

"Kama mengine! Unene gani?"

"Kama kidole hivi."

Hapo simu ilirudi kwa Juliana, wali ukapoa, na damu ikawa inampiga Kalinga masikioni kama mtu anayetwanga. Alilala huku anayaona machipukizi yake yanakatwa kama miwa. Msimu utakufa. Mguu utaunga kombo. Hata mwakani hataweza kushuka kuyaokoa. Akifika hapo alianza upya, kwa Dastan.

Kitanda cha pili alilala Asukile, mkulima wa ndizi kutoka Tukuyu, amefungwa plasta mkono mzima, na mdomo wake haukuwa na plasta.

"Nesi," alisema asubuhi ya Jumamosi, "huyu Mhehe akianza kutembea, mbwa wa mlinzi mumfungie ndani. Anavyowaza, anawaza nyama yake."

"Mnyakyusa wewe, ulidondoka mgombani," Kalinga akajibu. "Mgomba! Hata mbuzi hadondoki mgombani."

"Mie nilidondoka na mkungu wangu mkononi. Wewe umedondoka na pombe, tena umeimwaga. Nani wa kuchekwa?" Asukile akajigeuza. "Hebu niambie, hiyo pombe yenu ya mianzi mnaipataje? Maana naona kama uongo."

Kalinga alikuwa hana hamu ya maneno, lakini kuambiwa ulanzi ni uongo hakukuvumilika. Akaanza kueleza. Unaingia bondeni kwa upande wa juu, nyasi bado zina umande. Shina la kwanza liko kwenye mfereji, lina machipukizi matano. Husemi na mtu. Unafungua mbeta, unamimina kwenye dumu, unapanguza ncha kwa jani, kwa sababu nyuki wadogo wamelewa wamelala pale. Halafu unaweka kisu.

"Unakata," alisema Asukile.

"Hukati. Unaweka kisu, unatoa pumzi yote, na pumzi ikiisha ndipo mkono unapita. Ukiwa na pumzi kifuani, mkono unarukaruka."

"Na ukiwa na hasira?"

"Ukiwa na hasira unarudi nyumbani. Marehemu baba alikuwa akigombana na mama asubuhi, haruhusu mtu amsemeshe mpaka amekaa juu ya lile jiwe, ametulia, ndipo anashuka. Ulanzi hauendi na mtu mwenye fujo."

Akaendelea, shina la pili, la tatu, la nne, kila moja na pumzi yake. Mercy alikuwa amefika, amemfunga ule mkanda wa kupimia mkononi, wala Kalinga hakuona. Mashine ilipolia, nesi akaitazama, akafungua mkanda, akafunga tena, akapima mara ya pili.

"Mia na hamsini na mbili," alisema. "Baba, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Niko shina la sita."

Asukile akacheka mpaka plasta ikagonga chuma cha kitanda.

Kuanzia siku hiyo Kalinga akawa na zamu mbili, asubuhi na jioni, kama nyumbani. Alifumba macho, akashuka bondeni. Lakini si kwamba ilikuwa rahisi. Jumapili alifika shina la tatu, la kwenye jiwe, akakuta mkato mnene kama kidole. Akili iliuleta yenyewe, hakuuomba. Akaanza kukimbia, la nne, la saba, la kumi, kuangalia Dastan ameharibu mangapi, na kote alikuta ameharibu. Alipofumbua macho shuka lilikuwa limelowa jasho. Mercy akapima: mia na themanini na tano.

"Basi haifanyi kazi," Kalinga alisema.

"Ulikuwa umebeba nini leo?" aliuliza Asukile, safari hii bila utani.

"Kisu."

"Kisu tu?"

Neno lile Kalinga alilala nalo. Kweli hakubeba kisu tu. Alimbeba na Dastan. Marehemu baba alikaa juu ya jiwe kwanza, yeye alishuka na ugomvi wake moja kwa moja, tena mbio. Kwa mtindo ule hata milanzi ya kichwani ingekauka.

Jumatatu jioni Juliana alikuja na kande na simu. Alikuwa ameshaitafuta namba ya Dastan, kama kawaida.

"Leo sisemi naye, mama Bertha," alisema Kalinga. "Mwambie wewe."

"Nimwambie nini?"

Kalinga alitazama mlima. "Mwambie akate anavyojua. Asiniambie unene. Wala wewe usiniambie. Yatakayokufa yafe."

"Baba Bertha, unaumwa?"

"Naumwa mguu. Leo ni mguu peke yake."

Akala kande zikiwa za moto. Juliana alimtazama akila, akageukia ukutani akajipangusa macho na kanga.

Siku zilizofuata, alipofumba macho na kuingia bondeni, alikaa kwanza juu ya jiwe la baba yake. Dastan alikuja, alikuja kila mara, na Kalinga alimwachia nafasi akae pale pale kwenye jiwe. Yeye akainuka, akashuka peke yake kwenye mfereji, shina la kwanza, machipukizi matano. Anapanguza nyuki. Anaweka kisu. Anatoa pumzi.

Alhamisi ya tatu walimvika gauni la kijani saa mbili asubuhi. Mkanda ukafungwa. Asukile alikuwa amekaa kitandani, macho kwenye mashine. Mashine ilijikokota kama inafanya makusudi.

"Mia na arobaini na nane," alisoma Mercy, akaita mtu wa kusukuma kitanda.

"Uko la ngapi?" Asukile alipaza sauti kitanda kikitoka mlangoni.

"La tisa! Usinisemeshe!"

Walimdunga sindano mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho wakati chuma kinaingia. Alisikia nyundo. Alikuwa shina la kumi na nne, lile lenye kivuli, akawaza kwamba huko juu kuna mtu anapasua kuni, na mtu huyo anaijua kazi yake.

Alirudi Nyololo mvua zimeisha na baridi ya Mufindi imeanza kuuma vidole. Alishuka bondeni kwa magongo mawili, Dastan akiwa nyuma yake, mikono imekaa tayari kumdaka. Lile la kwenye jiwe lilikuwa limekauka, machipukizi yote. La tano pia, na la kumi. Mikato ilionekana, minene kama kidole.

"Kaka," alisema Dastan, "nilijitahidi."

Kalinga alisikia damu inaanza kumtwanga masikioni. Akarudi nyuma hatua mbili, akakaa juu ya jiwe, magongo akayalaza magotini. Alikaa mpaka pakatulia. Kisha akatoa kisu mfukoni, akamnyooshea mdogo wake, akamwonyesha kwa kidevu mwanzi mkavu uliokuwa karibu.

"Weka kisu hapo," alisema. "Usikate. Kwanza toa pumzi."