Malimbuko Yasiyofunguliwa

Jumanne nilipigiwa simu kutoka Akheri, nikaambiwa kijana wetu aliyekuwa akiunda mashine zisizoonekana kwa macho amefariki. Namwita kijana ingawa alishaota mvi, kwa kuwa nilimfundisha kipaimara. Kifua kilimsumbua muda mrefu na madaktari hawakusema chanzo. Mimi pia sitasema. Namshukuru Mungu kwa maisha yake, lakini tangu siku hiyo nina hofu ambayo sala haijaiondoa yote.

Miaka ile baada ya biashara ya nje kufunguliwa na maduka ya Arusha kujaa bidhaa tusizojua zimetengenezwa kwa kitu gani, yeye alikuwa ng'ambo akijifunza kuunda mashine kwa vijibomba vya kaboni, vyembamba kuliko unywele kwa mbali sana. Aliniambia wamefaulu kuzungusha kigurudumu juu ya kijibomba kimoja. Aliporudi likizo, mama yake alimwambia kazi ya kwanza ya mikono haikai nyumbani kabla ya kupita madhabahuni. Akatii. Katikati ya ndizi, mayai na kahawa akaweka kichupa cha unga mweusi, ndivyo vijibomba vyenyewe. Alikuwa amekaa mbali mno. Alisahau kwamba baada ya ibada malimbuko hupigwa mnada pale nje.

"Wapendwa, masizi ya Ulaya haya," mzee wa mnada alisema akikiinua. "Nani jikoni kwake hana?" Watu wakacheka. Bibi mmoja akasema, "Fungua ninuse kwanza, baba. Huenda ni ugoro." Mzee, naye mnusaji, akashika kifuniko. Kijana akapenya kati ya watu na kuku, akamkamata mkono mtu wa umri wa baba yake, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

"Shikamoo, baba. Naomba usifungue."

"Kuna sumu?"

"Sijui."

"Si wewe uliyetengeneza?"

"Ni mimi, baba. Ila unga huu ukiingia kifuani mwa mtu unafanya nini, sijui. Hata wakubwa wangu hawajui."

Kicheko kikakatika. Akina mama wenye watoto mgongoni wakarudi nyuma, na bibi akaziba pua kwa khanga.

Wengi walimlaumu, na mama yake aliona aibu. Mimi nilibaki na lile jibu. Tangu hapo tumeletewa dawa za nyanya, sabuni, rangi, na kila muuzaji ameapa hazina madhara. Yeye alisema hajui, mbele ya usharika mzima, akakubali kuonekana mpumbavu ili watoto wale wasivute asichokijua. Msomaji wangu, ukiletewa kitu kipya, muulize aliyekileta anaogopa nini. Akisema haogopi chochote, mwache aondoke nacho.