Kanga za Kumpokea Mjomba

Juzi niliona kwenye simu mtu akipaa kwa injini za jeti alizojifunga mgongoni, akatua salama, na mimi nikahisi harufu ya mafuta ya taa.

Nilipokuwa mtoto, mjomba wangu, fundi wa majiko ya mafuta ya taa, alijiundia mashine kama ile juu ya paa la ghorofa letu, mtaani Mchafukoge. Alasiri moja ilinguruma, ikapiga mluzi mrefu juu ya vichwa vyetu, kisha ikazimika ghafla.

“Mama, mjomba ameruka?”

“Ameruka, mwanangu. Kaa huku ndani.”

Nikachungulia dirishani. Kwenye roshani zote kina mama walikuwa wakianua kanga zao zikiwa bado mbichi na kuzirusha chini, huku wakigeuza nyuso pembeni.

Nilipiga makofi. Nilidhani wanamtandikia mjomba mahali laini pa kutua.