Migomba Kumi na Mmoja ya Marta

Pale Katumba, ukitaka kumpata Marta wa kabichi, hukuwa na haja ya kuuliza mara mbili. Ulifuata reli kutoka stesheni mpaka kwenye daraja dogo, ukashuka kushoto kijitoni, na hapo ungemkuta ameinama, kitenge kimefungwa kiunoni, mkononi ana kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari, ananyeshea. Kopo lile alilitoboa mwenyewe. Keni ya dukani ya kumwagilia aliwahi kuishika mara moja tu, ya bwana shamba, akaigeuza huku na huku, akamrudishia akisema inamwaga maji kwa pupa.

Alikuwa na matuta tisa: kabichi, vitunguu, nyanya chungu, mchicha. Mbegu nyingi alikausha mwenyewe, mbolea ilikuwa mavi ya mbuzi, na dawa ya wadudu ilikuwa majivu ya jikoni. Nyumba yao ilikuwa ya tofali mbichi na nyasi, kuni ziliokotwa msituni, na maji yalikuwa palepale chini. Kwa hiyo kile kidogo kilichotoka bustanini kilitosha chumvi, sabuni, mafuta ya taa na madaftari ya binti yao, Emelyne. Marta hakujiona maskini. Alijiona mtu mwenye kazi nyingi.

Siku za treni ndizo zilikuwa soko lake. Kulikuwa na mchuuzi wa Mpanda mjini, Zena, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika behewa la tatu. Alikuja na treni iendayo Kaliua, akalala kwa Capitoline, jirani yake Marta, kisha akarudi Mpanda na ile inayofuata akiwa na magunia yake ya kabichi. Zena alidai kwamba wanaume wa Kawajense, mtaa wa huko mjini, wanazitambua kabichi za Marta kwa harufu tu, zikiwa bado sufuriani. Ulikuwa uongo mtupu, na Marta aliupenda sana.

Sasa, mumewe. Venant alikuwa mtu mwema mwenye kichwa kigumu, na wema wake ndio uliofanya kile kichwa kivumilike. Walivuka mpaka pamoja mwaka 1972, wakikimbia mauaji kwao Burundi, Marta akiwa na miaka kumi na tisa. Walipogawiwa mashamba Katumba, kila mtu alijenga, akalima, na baada ya mwaka mmoja au miwili akatafuta machipukizi ya migomba akapanda nyuma ya nyumba, kama walivyofanya kwao. Kila mtu isipokuwa Venant.

Yeye alikuwa na sheria. Maharage, sawa. Mahindi, sawa. Hata mihogo sawa, kwa sababu ukiing'oa umemalizana nayo. Lakini mmea wowote utakaobaki umesimama shambani baada ya wenyewe kuondoka, uwe mwembe, mpapai, na zaidi ya yote mgomba, huo ulikuwa marufuku.

"Migomba yetu iko kwa baba," alisema. "Sisi hapa tunapita."

Na nyuma ya mlango aliweka mzigo: blanketi, sufuria, suti moja ya kanisani, vyote vimefungwa kwa kamba nene ya katani. Kila mwaka baada ya Pasaka aliufungua, akaanika blanketi juani, akaufunga tena vilevile. Alipita kwa miaka ishirini na moja.

Pombe ya ndizi, hata hivyo, aliinywa kwa Capitoline kila Jumapili, wala hakukosa. Kama migomba ya jirani ilikuwa na kosa lolote, Venant hakuliona akiwa na kibuyu mkononi.

Yote hayo Marta angeyavumilia kama si kijito. Wakati wa kiangazi kilikuwa na adabu zake, maji ya kufika magotini, unachota unakwenda zako. Mvua zikianza, kilibadilika. Kiliingia chini ya ukingo, kikachimba, na asubuhi moja ungekuta tuta zima limeteremka majini pamoja na mboga zake. Mwaka 1990 lilikwenda tuta la mchicha. Mwaka uliofuata yakaenda mawili ya vitunguu. Kufikia mwaka 1992 yalibaki sita, na nyuma ya hayo sita kulikuwa na tuta la reli. Hapakuwa na pa kurudi nyuma.

Melkior, bwana shamba, alikuja na baiskeli yake, akasimama ukingoni, akatikisa kichwa.

"Mama, hapa panataka kitu chenye mizizi ya kushikana. Weka migomba mstari mmoja, kutoka lile jiwe mpaka pale. Usipoweka, baada ya mvua tatu utakuwa huna bustani."

Marta alimwomba mumewe mara tatu. Mara ya kwanza wakati wa kula, kwa upole. Mara ya pili kwa hasira. Mara ya tatu alilia, na Venant, ambaye hakuwahi kuvumilia kumwona akilia, akakaa karibu naye na kumweleza jambo alilokuwa hajamwambia.

"Mama Emelyne, nikipanda mgomba hapa, nimewaambia wale walionifukuza kwamba wameshinda. Siwezi. Niombe kingine."

Marta hakuwa na kingine cha kuomba.

Kisha ukaja mwaka 1993. Katikati ya mwaka redio ilitangaza uchaguzi kule Burundi, serikali mpya, na wakimbizi kuitwa nyumbani. Katumba nzima ilisimama wima. Watu waliimba kanisani mpaka sauti zikakauka. Venant alitembea siku hizo kana kwamba viatu vyake vilikuwa vipya. Mwezi wa nane alipata kibali cha kusafiri, akasema atatangulia kuiona ardhi ya baba yake, kisha atawaita.

"Malizia kilichomo ardhini," alimwambia Marta stesheni. "Usisie kitu kingine. Tutaondoka kabla mvua hazijakolea."

Mzigo aliuacha nyuma ya mlango, maana huo ulikuwa wa safari ya wote. Treni ikaondoka.

Marta alitii. Alikata kabichi za mwisho. Kitalu kikakauka. Mbegu zake zote, zile alizozichagua kwa miaka, zikiwa zimefungwa kwenye vitambaa vidogo kila aina na kitambaa chake, alimpelekea Capitoline na kumwambia azitumie vizuri. Capitoline alizipokea, akaziweka juu darini.

Zena alipokuja na magunia yake matupu, alisimama kwenye matuta yaliyo wazi, akashika kiuno.

"Dada Marta, sasa ndo nini hiki? Nyie mnaenda kweli?"

"Tunaenda."

"Haya. Mungu awatangulie." Kisha akaongeza, taratibu, bila kicheko chake, "Lakini mimi ntakula wapi?"

Marta alicheka, akaenda nyumbani, akagundua kwamba hakuwa na furaha. Kurudi kwao alikutaka, tena sana, mama yake alikuwa amezikwa kule bila yeye kuwepo. Lakini alikuwa ameishika ardhi ile ya kijitoni kila siku kwa miaka kumi na minne, na hakuna aliyemuuliza kama ana la kuiaga. Alimkasirikia Venant, akajilaumu kwa kumkasirikia, akaendelea kumkasirikia.

Mwezi wa kumi, siku za mwisho mwisho, redio ilisema mengine. Serikali ile mpya ilikuwa imepinduliwa, watu wanauana, njia zimejaa wanaokimbia. Nyimbo zilikoma. Kila nyumba iliyokuwa na mtu aliyetangulia ilikaa mlango wazi, ikisubiri. Wiki moja, wiki mbili. Wengine walirudi. Venant hakurudi, wala hakuna aliyemwona.

Na mvua zikaanza. Usiku wa kwanza zilinyesha kidogo, lakini asubuhi Marta aliposhuka kijitoni aliona ufa mrefu katikati ya tuta la kwanza, ardhi imeanza kuachana. Alisimama akiuangalia. Mume hajulikani alipo, matuta matupu, mbegu zimegawiwa, na sasa hata udongo unaondoka. Aliogopa kwelikweli, kwa sababu kama Venant amekufa basi yeye na Emelyne walikuwa na matuta haya sita tu duniani.

Akaenda kwa Capitoline.

"Nipe machipukizi," alisema. "Mengi kadiri utakavyoweza."

Capitoline alimtazama. "Na baba Emelyne?"

"Nipe tu, dada."

Walichimbua kumi na moja. Marta aliyabeba mara tatu, matope mpaka mapajani, akachimba mashimo ukingoni kuanzia kwenye lile jiwe la Melkior. Sitaki kusema alipanda kwa ushujaa. Alipanda huku analia kwa sauti, kwa sababu kila shimo alilolifukia alijiona anamzika mumewe. Kupanda mgomba ilikuwa kukubali kwamba hakuna safari, na kama hakuna safari, basi yule aliyetangulia alitangulia wapi? Kwenye shimo la saba alikaa chini matopeni akataka kuacha. Kisha akamalizia manne yaliyobaki, kwa kuwa yalikuwa yameshachimbuliwa na yangekauka.

Jioni Capitoline alikuja na vile vitambaa vya mbegu, vyote, hakuna hata kimoja kilichofunguliwa.

"Nilijua utavitaka," alisema. "Na mimi sijui kulima vitunguu."

Wiki tano baadaye ilikuwa siku ya treni iendayo Mpanda. Marta alikuwa stesheni na mafungu machache ya mchicha, maana ndio pekee uliokuwa umewahi, na Zena alikuwa kando yake akilalamika kwamba mchicha haujazi gunia. Treni ikasimama. Ghafla Zena akamshika Marta mkono.

"Acha mchicha, dada. Angalia behewa la mwisho."

Alikuwa Venant. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja, ameshika chuma cha ngazi kwa mikono miwili kwa sababu malaria ilikuwa bado haijamwachia. Marta alimkimbilia, akamshika, akampapasa uso na mabega kama anayenunua kitu sokoni na haamini kwamba ni kizima. Zena ndiye aliyelia kwa sauti. Mafungu ya mchicha yalichukuliwa na abiria, na hakuna aliyejali.

Alilala siku tatu. Siku ya nne alisema anataka kunyoosha miguu, akaifuata njia ya kijitoni. Marta akamfuata nyuma. Alikuwa amemwombea arudi hai, na sasa alikuwa anaogopa macho yake.

Venant alifika ukingoni akasimama. Migomba kumi na mmoja, kila mmoja umeshatoa majani mawili matatu mapya, imesimama mstari kuanzia kwenye jiwe. Akatembea kutoka mgomba wa kwanza mpaka wa mwisho, pole pole, kisha akarudi tena.

"Umepanda karibu karibu," Venant akasema.

"Nini?"

"Mgomba unataka hatua nne. Hapa umeweka mbili. Ikikua itasongana." Akageuka. "Jembe liko wapi?"

Marta alikaa chini palepale kwenye tuta la vitunguu, akacheka, akalia, na Venant, mtu ambaye alikuwa hawezi kusimama vizuri, akaanza kung'oa mgomba wa pili ili ausogeze.

Mengine alimwambia kidogo kidogo, siku zilizofuata. Alifika kwa baba yake. Migomba alikuta ipo, tena minene, imezidi. Ndani yake alimkuta mzee asiyemjua, na wake zake, wana, na wajukuu. Mzee yule hakumfukuza. Alimkalisha, akampa ndizi za kuchoma, na akamwonyesha mgomba mmoja mmoja: huu niliukuta unakufa, huu nilipanda mwaka fulani, huu niliuegemeza upepo ulipokuja.

"Nilitaka kumwambia ni yetu," Venant alisema. "Lakini aliyeilima ni yeye. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa naanika blanketi."

Mvua za mwaka ule kijito kilichukua nusu ya tuta la kwanza, basi. Mvua za mwaka uliofuata hakikuchukua kitu. Mizizi ilikuwa imeshikana chini kwa chini, na kabichi za Marta zilirudi kwenye magunia ya Zena, na uongo kuhusu wanaume wa Kawajense ukarudi nazo.

Mapema mwaka 1995 mgomba ulio karibu na lile jiwe ulibeba mkungu wake wa kwanza. Ulikuwa mkubwa kupita kiasi, ukaanza kuuinamisha mgomba kuelekea majini, na siku ile wingu lilikuwa limetanda. Marta alileta nguzo mbili za kuegemezea. Akamwita mumewe alete kitu cha kufungia.

"Kamba hakuna," alisema Emelyne, ambaye sasa alikuwa mkubwa kumzidi mama yake kwa kimo. "Tumefungia mbuzi zote."

Venant akapanda njia ya nyumbani, akakawia ndani. Aliporudi alikuwa amekunja begani ile kamba ya katani ya mzigo wake, ngumu, imeshika umbo la fundo lake la zamani hata baada ya kufunguliwa. Marta aliiona, akaijua.

"Shikilia hapo," Venant alimwambia.

Marta akashikilia nguzo, na yeye akazungusha kamba kwenye shina mara tatu, akaifunga. Blanketi walianza kulitumia usiku ule ule, kwa sababu mvua ilileta baridi.