Mtoto aliyekataa majina yote ya ukoo wetu, na daktari aliyekuja kumtetea mama yake

Wakuu, heshima kwenu. Leo naweka hapa jambo lililotokea kwetu Nyamasaria, Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Siongezi chumvi. Mhusika mwenyewe yuko hai, na akiona nimedanganya atanikaanga.

Kaka yangu alioa msichana wa Sondu, tumwite Rose. Shemeji huyu ni mtu wa maneno machache na shingo ngumu, ile ngumu yenye faida.

Akiwa mjamzito alipata homa siku kadhaa, ikapita, hakuna aliyeijali. Akajifungua msichana mzuri kabisa, ananyonya vizuri, analala vizuri.

Kwa msiojua desturi yetu Wajaluo: mtoto akilia, wazee wanamwitia majina ya ndugu waliotangulia, mmoja mmoja. Akinyamaza kwa jina fulani, basi jina ni hilo.

Mama yangu ndiye alikuwa anaita. Akaita upande wa baba, akaita upande wake, akafika hadi kwa watu ambao hata yeye aliwasikia tu kwa bibi yake. Mtoto analia tu. Kesho yake vilevile. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia.

Hapo shangazi yangu, dada ya marehemu baba, akasema lile ambalo wengine walikuwa wanalimeza. "Hii mtoto imekataa watu yetu. Labda iko na watu yake mahali ingine."

Alimaanisha mtoto si wa kaka yangu. Ikaamuliwa Rose arudi kwao Sondu kwanza. Na kaka yangu, mbavu zote zile za kubeba magunia soko la Kibuye, akatulia kama maji mtungini. Iliniuma sana.

Rose akamfunga mtoto mgongoni, akatoka. Sote tukajua ndiyo ameenda. Kumbe ameenda hospitali alikojifungulia.

Pale kulikuwa na daktari mmoja wa kike, Mluhya, aliyekuwa anapima mkojo wa watoto wachanga. Anaweka pamba kwenye nepi, anaikamua, sampuli inapelekwa maabara Nairobi. Alikuwa anatafuta virus inaitwa CMV. Mama anaweza kuipata akadhani ni homa tu, ikamfikia mtoto tumboni na kumharibia masikio.

Wakuu, enzi zile nani alikuwa anawaza masikio ya mtoto wa wiki mbili? Kwetu mtoto akinyonya, ni mzima. Yule daktari alikuwa mbele ya wakati wake.

Mtoto wetu naye alipimwa alipozaliwa, na majibu yake yalikuwa yamerudi. Virus ipo. Rose hakulia. Aliomba kitu kimoja tu: daktari aje nyumbani aseme mbele ya watu. Na akaja, siku hiyohiyo.

Nilitegemea atatufokea kwamba sisi ni washamba. Wapi. Alimsalimia mama kwa mikono miwili, akaketi kwenye kigoda. Mtoto alipoanza kulia akasema, "Mama, ita tena hayo majina, na mimi nione."

Mama akaita. Hakuna kitu.

Daktari akangoja mtoto atulie, akaomba sufuria na mwiko, akasimama nyuma ya kichwa chake, akagonga. Kuku walitawanyika uani. Shangazi aliruka. Mtoto hakupepesa hata jicho.

"Desturi yenu ni sawa, Mama," daktari akasema. "Lakini inataka masikio. Huyu hajakataa mtu. Hajasikia mtu."

Akaeleza kwamba si kila mtoto mwenye virus hii anakuwa kiziwi, ndiyo maana anamfuatilia kila mmoja. Dawa ya kurudisha masikio hana. Ila tukianza mapema kuongea naye kwa mikono na uso, hataachwa nyuma. "Na si makosa ya huyu mama. Hata kidogo."

Hapo ndipo Rose alilia. Kaka yangu akaenda kuketi karibu naye, amechelewa, lakini akaenda.

Mama akamchukua mtoto, akamlaza kifuani, akaanza majina upya, polepole, sauti ikitoka tumboni. Alipofika kwa Awuor, jina la bibi yangu mzaa mama, mtoto akanyamaza. Daktari akasema pengine ni joto la kifua. Mimi sibishani na daktari, lakini mtoto ni Awuor hadi leo.

Shangazi hakuomba msamaha kwa mdomo. Alileta kuku, akamkabidhi Rose. Baadaye akawa wa kwanza kati ya wazee kujifunza lugha ya mikono, na hadi anafariki, yeye na Awuor walikuwa wanasengenya ukoo mzima sisi tumekaa hapohapo.

Namheshimu daktari yule. Rose namheshimu zaidi: alifukuzwa, akaenda kuleta shahidi.

Nilichojifunza ni kwamba masikio ya mtoto yapimwe mapema, hata kama ananyonya vizuri. Sasa nyie wakuu, semeni ukweli: huko kwenu mtoto asipoitika, anayechunguzwa kwanza ni mtoto, au ni mama yake?