Mhandisi Mmoja Aliyetoa Lango

Mimi sikuomba kuandika, hilo lijulikane kwanza. Wamepita na karatasi meza kwa meza wakisema kila mtu aandike alichojifunza tangu kazi ibadilishwe, zikusanywe ziwe kijitabu. Dada wa mapokezi akanifuata mpaka stoo ya ndoo. "Bibi, hata wewe. Mistari mitano tu, habari za mtu wa kawaida hapa kazini." Mistari mitano! Miaka ishirini na miwili nafuta vumbi lenu, halafu mnanipimia mistari kama sabuni. Niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino, lakini nikishaanza jambo siliachi njiani. Mkiona ndefu, mlijitakia.

Mtu wa kawaida nitakayemwandika ni binti yangu. Nyinyi mlimwita Sweta.

Jina alilipata chumba cha seva, kule chini, ambako mashine hupulizwa baridi mchana kutwa na binadamu wanakaa kama nyama buchani. Alikuwa na sweta moja la kijivu, viwiko vimechanika, nikavitia viraka vya bluu kwa sababu ndio uzi niliokuwa nao. Aliingia hapa kwa mtihani, hakuna aliyembeba. Siku yake ya kwanza alinikuta napiga deki mlangoni, yuko na mabosi watatu wanamtembeza. Nikainamisha uso nisimharibie. Yeye akasimama palepale, akawaambia, "Huyu ni mama yangu." Ndivyo nilivyomlea. Kwetu hatufichi.

Kwa asiyejua, kampuni yetu ina programu inayotunza mafaili ya wagonjwa wa zahanati. Mgonjwa akifika, mhudumu anafungua, anaona mwezi uliopita alipewa dawa gani, na ipi inamdhuru. Zamani kazi ilikuwa nyumba mbili. Ghorofani walikaa wanaoandika programu, chini walikaa wanaoitunza iendelee kutembea. Waandikaji wakimaliza walikuwa wanaitupa chini Ijumaa saa kumi jioni, wanavaa mabegi, wanaondoka. Watunzaji wanabaki nayo inawafia mikononi. Jumatatu wanapanda ngazi kugombana.

"Kwenye kompyuta yangu inafanya kazi," anasema wa juu.

"Basi tuwapelekee wagonjwa kompyuta yako!" anajibu wa chini.

Wa chini waliwaita wa juu mabwana harusi, kwa sababu huja wamependeza na huondoka vyombo havijaoshwa. Wa juu waliwaita wa chini fuko. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa napita kote kwa ndoo moja, nasikia matusi ya huku na ya kule, na naweza kuapa kwamba wote walikuwa na haki.

Ndipo akaja mkuu mpya. Tulimpa jina Tuvunje, maana kila kikao alianza nalo: "Tuvunje ukuta!" Alikuwa na mtindo wake wa kazi kutoka huko alikosoma, unaitwa devopsi. Nilidhani ni dawa ya mende. Maana yake, alisema, anayeandika na anayetunza wawe kitu kimoja, washike mzigo pamoja mpaka ufike. Na ukuta akauvunja kweli, wa matofali, nikazoa vifusi siku nne. Wote wakawekwa chumba kimoja. Likanunuliwa lile skrini kubwa la taa za kijani na nyekundu. Ukajengwa na mkanda, yaani mashine ya kubeba programu kutoka kwa mwandikaji hadi zahanati bila mkono wa mtu, inapita hatua kwa hatua, ikikosea inasimamishwa.

Sweta alikuwa na daftari la miaka kumi na minne. Kila ugonjwa wa seva na tiba yake viko mle. Wenzake wa chini walimwonya, "Ukiumimina ujuzi wako wote kwenye mkanda, watakuhitaji kwa lipi?" Akawacheka. Aliumimina ukurasa kwa ukurasa. Mwishoni mwa mkanda akajenga lango. Kazi ya lango ilikuwa moja tu: kabla programu mpya haijapita, mafaili yote ya wagonjwa yananakiliwa kwanza, ili likitokea baya pawe na pa kurudi.

Sitasema uongo, mambo yalinyooka. Ijumaa za vita zikaisha. Programu zikawa zinakwenda kidogo kidogo, Jumanne asubuhi, mwandikaji na mtunzaji wamekaa bega kwa bega. Nilimwona mwanangu anakula chakula cha mchana amekaa kwenye kiti. Miaka yote hiyo alikuwa akila amesimama, kijiko mkono mmoja, simu mkono wa pili. Nikasema moyoni, huyu Tuvunje ana akili.

Kisha wenye kampuni wakataka hesabu. Mnatuma mara ngapi kwa siku? Na lango lilikula dakika arobaini kila mara.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Napiga deki chini ya meza ya Sweta. Tuvunje akaja akakaa pembeni ya meza.

"Sweta, hili lango lako limekuwa foleni ya choo cha stendi."

"Linachukua nakala, bosi. Likitoka, siku programu mbovu ikipita hatuna pa kurudi."

"Wenye kampuni wanakuja, wanataka kuona mara kumi kwa siku. Litoe. Tutalirudisha wiki ijayo."

"Basi niandikie."

"Ah, Sweta! Si tumevunja ukuta? Unataka tena barua na mihuri?" Chumba kizima kikacheka. Akainua miguu ili dekio lipite. "Pita, Bibi."

Nikapita. Mwanangu akavuta mikono ya sweta ikafunika vidole, kama afanyavyo tangu utoto akiambiwa jambo asilolitaka. Akabonyeza. Lango likatoka, na kwenye kumbukumbu ya mkanda likaandikwa jina lake, maana mkanda huandika aliyebonyeza. Aliyesema haumjui.

Wiki ijayo ikaja, lango halikurudi. Sweta alikumbusha mara mbili, nilimsikia. "Baada ya wageni," akaambiwa.

Siku ya tisa programu mbovu ikapita, ikafuta mafaili ya wiki nzima kwenye zahanati thelathini na moja. Skrini lote likawa jekundu kama jeraha. Simu zikalia pamoja. Mhudumu mmoja alikuwa analia kwenye spika, kila mtu anasikia: ana mama mbele yake, mtoto ana homa, mama anasema kuna sindano ya juzi iliyomzimisha mtoto huyu, jina lake halijui, na faili liko tupu. Sweta alishughulika siku mbili kurudisha kilichorudishika. Mtoto alipona. Kama thuluthi ya mafaili haikuonekana tena.

Kikaitishwa kikao. Mtindo huo wa Tuvunje una kikao maalumu cha baada ya ajali, kisicho na lawama. Kila mtu anaeleza alichofanya bila woga, ili kazi irekebishwe. Kanuni ilikuwa ukutani kwa herufi kubwa: HATUTAFUTI MTU, TUNATAFUTA CHANZO. Niliibandika mimi mwenyewe, kwa kuwa ngazi ni yangu.

Jioni ya kuamkia kikao tulikuwa jikoni, tunamenya vitunguu.

"Mama, niseme?"

"Useme nini?"

"Kwamba ni mimi niliyelitoa."

"Si ulitumwa?"

"Hilo atalisema yeye. Ndiyo kanuni, kila mtu anasema lake."

Hapo ndipo ningemfunga mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Miaka yote nimepita kwenye ofisi hizi, nawajua wakubwa kwa vikombe vyao. Lakini kiburi kikanijaa kifuani. Nikamwambia, "Sema, mwanangu. Kwetu hatufichi." Mimi ndiye niliyemwambia.

Akasema. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Alisimama, akaeleza saa, siku, na alivyobonyeza. "Ni mimi niliyelitoa lango." Kisha akakaa, akamtazama Tuvunje, akimpa zamu yake.

Tuvunje alikuwa anakoroga chai. Sukari ilishayeyuka zamani, yeye anakoroga. Mwisho akasema, "Asante kwa uwazi wako, Sweta. Kuna mwingine wa kuongeza?"

Watu kumi na mmoja, na wote walicheka siku ile. Mmoja akasafisha miwani. Mwingine akapata simu isiyolia. Na mimi, mwenye mdomo huu mnaoujua, nilinyamaza. Sikuogopa, wallahi. Nilikuwa namsubiri aseme mwenyewe, kwa kuwa kanuni ilikuwa yake. Ujinga gani huo, kwa mtu wa umri wangu!

Ikatoka ripoti. Haina jina la mtu, maana hawalaumu. Imeandikwa: "Mhandisi mmoja alitoa lango la nakala bila idhini ya maandishi." Wenye kampuni wakasoma, wakauliza huyo mhandisi mmoja ni nani. Alhamisi barua ya kumwachisha kazi ikafika, tena hiyo ilikuwa na mihuri.

Nilimfuata Tuvunje ofisini na dekio langu linatiririsha maji kwenye zulia.

"Nilikuwa chini ya meza. Uliniinulia miguu."

"Bibi, kikao kilishafungwa. Na kanuni yetu unaijua, hatutafuti mtu."

"Mbona yeye mlimpata?"

"Jina lake halijaandikwa popote."

"Lango lilikuwa na mwenyewe mmoja tu hapa ndani! Mngebandika na picha."

Akatazama saa. "Nimekusikia, Bibi. Asante kwa mchango wako." Mpaka leo neno mchango likitajwa nachukua ndoo yangu natoka.

Hiyo ni mwaka jana. Mwanangu ameomba kazi sehemu saba. Kila anapokwenda, ripoti imemtangulia, maana Tuvunje anaizungusha kwenye semina kuonyesha tulivyo wawazi. Sehemu ya saba walimuuliza kwa upole, "Wewe ndiye yule mhandisi mmoja?" Akajibu ndiyo. Nani mwingine angejibu hivyo? Sasa haendi popote. Anakaa dirishani na sweta lake, joto linaunguza mabati, na nikimwambia alivue anasema ana baridi. Juzi simu yangu ilikataa kufunguka. Nikampa, akaigeuza mkononi, akanirudishia. "Mpelekee fundi, Mama." Daftari alilichoma, sikuwahi kuliokoa. Namwambia mambo yatabadilika, naye ananitazama kama mtu anayemhurumia muuza uongo.

Na nyinyi huku mmeshika adabu. Hakuna anayesema kitu vikaoni tena. Skrini likiwa jekundu, kila mmoja anatazama viatu. Lango mlilirudisha wiki ileile aliyoondoka, dakika zake arobaini zilezile, na hakuna aliyelalamika foleni. Linafanya kazi kila siku. Asubuhi nikifuta kioo cha skrini naliona, la kijani, jina lake liko juu yake kwa sababu hamna anayejua kuandika lango jingine. Nalifuta vumbi taratibu. Mnaniuliza nimejifunza nini? Mlivunja matofali, mkanunua mashine, mkabandika karatasi, na woga mkauacha palepale ulipokuwa. Huo kuuvunja msingelipa hata senti.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa. Kama ulikuwa kwenye chumba kile, najua umeshageuka kutafuta miwani. Acha. Ripoti iko kwenye kompyuta yako, na dada wa mapokezi kanieleza kwamba yeyote anaruhusiwa kuiongezea. Ifungue. Chini ya maneno "bila idhini ya maandishi" ongeza mstari mmoja: kwamba aliomba idhini hiyo, akanyimwa, Jumanne, saa nne asubuhi, na nani alimnyima. Andika na jina lako. Usinitumie pole, pole zenu zimejaa stoo. Kesho nikifika kwenye meza yako nitakuuliza kwa sauti kama umeandika, na sitaondoa ndoo miguuni pako mpaka unijibu.