Benchi Lililopima Ugonjwa

Kwa muda mrefu niliamini kwamba benchi la kituo cha afya cha mtaani kwetu, Mji Mkongwe, linapima ugonjwa. Aliyeniambia ni kinyozi wangu, wembe ukiwa shingoni mwangu, na mtu habishi wembe ukiwa pale. Ati lilichongwa mteremko makusudi: mgonjwa wa kweli huteleza mpaka mwisho, anayejisingizia hujishika. Nikaamini. Mie, mhitimu wa shule ya usiku, mwenye cheti ukutani kikubwa kuliko dirisha!

Baadaye nikapata kibarua cha kupita vituoni na futi kamba, nikitazama kama viti, milango na ngazi vinawafaa wagonjwa. Kwenye kituo cha Makunduchi nilikaa kwenye kiti kizuri hata nikasinzia, nikaamshwa nichomwe sindano. Zamu ya kituo chetu ilipofika, nikamchukua na bibi yangu, ambaye goti lake lilikuwa limevimba kama fenesi.

"Nikiteleza tena pale, mjukuu wangu, sirudi," alisema njiani. "Bora goti liniumize kwangu, kwa heshima."

"Ukiteleza ndiyo vizuri, bibi. Watajua unaumwa kweli."

"Na wewe kichwa kinakuuma toka lini?"

Tulipofika nikalipima benchi. Upande mmoja uko chini, mwingine juu. Naam, nikasema moyoni, kipimo hiki hapa. Bibi akakaa upande wa juu. Akaserereka, akamzoa bwana mmoja mnene, bwana akamzoa mwenziwe, na wote watatu wakafika mlangoni kwa daktari kabla ya kuitwa.

Nikapiga makofi. "Wagonjwa wa kweli hawa!"

Bibi alijinyanyua, akakaza buibui lake, akaanza kuchechemea kuelekea nje, goti lake bado halijatazamwa. Hapo makofi yakaniisha.

Muuguzi mkuu akatokea. "Shikamoo, bibi. Unakwenda wapi na goti hilo?"

"Marahaba. Nnakwenda kukaa barazani kwangu. Jiwe lile halijanitupa hata siku moja."

"Na wewe wa futi kamba, unashangilia nini?"

Nikamweleza habari yote ya kipimo, mpaka wembe wa kinyozi. Akanisikiliza hadi mwisho, maskini.

"Hili benchi la nje," akasema. "Limeinamishwa maji ya mvua yateremke. Tuliliingiza ndani siku ya kupaka rangi, hatukulitoa tena. Shika upande ule tulitoe, kisha mletee bibi yako kiti."