Bado Mmoja Hajaitikia

Usiku ule nililala na kinyongo. Juma, mdogo wangu, alikuwa hajanitazama usoni tangu aisome hadithi yangu, na nyumba hii tumebaki sisi wawili tu. Juma hasikii tangu azaliwe. Akikupa mgongo, uite usiite yote mamoja.

Nilimkosea nini, jamani? Niliandika hadithi ya watoto, ya dada na mdogo wake asiyesikia. Mwishoni yule mdogo anaoga kwenye chemchemi, masikio yanazibuka, anasikia ndege, kijiji kizima kinapiga vigelegele. Nilidhani Juma atafurahi. Akaiweka mezani, akaniambia kwa mikono: "Huyu si mimi. Huyu umemtafuta akae mahali pangu." Mimi nina hasira za karibu, nami nikampa mgongo.

Basi usingizini namwona Bibi, marehemu Bibi aliyetulea. Amekaa kwenye kitanda chake cha kamba, anapepeta mchele. Mimi ni mtoto, miguu yangu haifiki chini. Nageuka, ni mtu mzima, tena tuko uani, kitanda ni kilekile, na mchele umetufika magotini. Wala sishangai.

"Bibi," nasema, "kwenye hadithi nimemponya Juma."

Hainui macho. "Kwani alikuwa anaumwa nini?"

Loh! Hata kaburini hajaacha kunikata kauli.

Anaweka ungo pembeni. "Paukwa!"

"Pakawa!" naitikia kwa sauti yangu yote.

Bibi haanzi. Naitikia tena, na tena, nasikia sauti yangu peke yake inazunguka ule ua mtupu. Upweke ulionishika pale sijawahi kuuona. Bibi ananitazama kwa huruma.

"Bado mmoja hajaitikia," anasema. "Haianzi."

Ndipo nikakumbuka. Enzi zake, Bibi akisema paukwa aligonga pia mbao ya kitanda. Sote tulikuwa tumekaa palepale kitandani, kitanda kikatutikisa, na Juma naye akagonga. Hiyo ndiyo ilikuwa pakawa yake. Bibi hakuanza hadithi kabla yake hata siku moja, tunung'unike tusinung'unike.

Nikaamka mto umelowa, jogoo wanawika. Nikaenda chumbani kwa Juma. Kitanda kile cha Bibi siku hizi anakilalia yeye. Nilimkuta macho, ameelekea ukutani. Nikakaa pembeni yake, nikagonga mbao.

Hakusogea. Nikaona basi, nimeshampoteza ndugu yangu, na nyumba nzima nimebaki peke yangu. Nikashika ukingo wa kitanda ili niinuke.

Kitanda kikatikisika chini yangu.